Uzi: Ushawishi hauko kifuani kwako, uko kwa anayekuhitaji

Mtu wa Msimbazi:

Wakuu, salaam.

Kila nikifungua simu siku hizi nakutana na jamaa kavaa suti anafundisha namna ya "kutawala akili za watu". Usicheke ovyo. Usijibu meseji haraka. Ukiingia ofisini tanua mabega. Mkazie mtu macho mpaka aangalie chini. Wengine wanauza somo hilo kwa hela, na vijana wa hapa mjini wanalipa. Kazini kwetu kuna madogo wawili wameshaanza kuyafanyia kazi. Inaniuma kuwaona, maana wanajifunza kuigiza ukubwa na hakuna anayewaambia ukubwa unatoka wapi.

Mimi niko Kariakoo, duka la jumla, na mambo ya saikolojia ya ushawishi nayasoma miaka na miaka kwa mapenzi tu. Leo nataka niseme ninachokiamini. Uzi ni mrefu, mwenye haraka atanisamehe.

Mwaka 1962 mwanasosholojia wa Marekani, Richard Emerson, alilieleza jambo hili kwa ufupi sana: nguvu aliyonayo Juma juu ya Ali ni kiasi kile kile ambacho Ali anamtegemea Juma. Utegemezi huo unapimwa kwa maswali mawili. Ali anakitaka kwa kiasi gani kitu kilichoko kwa Juma? Na je, anaweza kukipata kwa mtu mwingine?

Mtazame konda. Saa kumi na mbili jioni pale Mnazi Mmoja, kituo kimefurika, konda akisema "sogeeni nyuma huko, msibane mlango", watu wazima na vyeo vyao wanasogea kimya. Konda huyo huyo Jumapili asubuhi, gari tupu, anakupokea begi kwa adabu: "Karibu anko, siti ya mbele hii hapa." Mtu ni yule yule na sauti ile ile, ila Jumapili nyuma yake kuna magari mengine matatu yanakuita.

Sasa niwaambie nani ana nguvu kuliko wote mtaani kwetu. Ni mama ntilie. Anapikia kichochoroni nyuma ya maduka, wali maharage, ugali na dagaa, siku nyingine samaki wa nazi. Ana daftari kubwa la jalada gumu, pembeni limeingia mafuta, kila ukurasa una jina la kijana mmoja: mbeba mizigo, msukuma mkokoteni, machinga wa mikanda. Wanakula asubuhi, wanalipa jioni. Ukiliona utadhani ni daftari la madeni tu. Lakini yule mama anajua nani analipa bila kukumbushwa, nani anabadili njia akiwa na deni, nani kaacha pombe, nani ana mtoto kalazwa. Kontena likiingia usiku, bosi anamtuma mtu kwake: "Mama, nitafutie vijana sita wa kuaminika." Anataja majina sita huku anakoroga sufuria, daftari halifunguliwi. Aliyetajwa kapata riziki ya siku, na asiyetajwa sababu anaijua mwenyewe. Nimewaona wenye maduka ya mamilioni wamekaa kwenye benchi lake wanasubiri amalize kupakua ndipo waseme shida yao.

Wanasaikolojia John French na Bertram Raven mwaka 1959 walitaja vyanzo vitano vya nguvu ya mtu juu ya mwenzake: kuweza kutoa tuzo, kuweza kuadhibu, cheo kinachotambulika, ujuzi, na kupendwa kiasi cha watu kutaka kufanana nawe. Baadaye Raven akaongeza cha sita, habari. Mama yetu cheo hana, na adhabu yake kubwa ni kukunyima sahani. Ana habari, tena za kweli, na pande zote mbili zinazihitaji. Vijana hawana mdhamini mwingine. Mabosi hawana mahali pengine pa kuuliza. Amekaa katikati, na kila mmoja akitaka kumfikia mwenzake lazima apite kwake.

Historia ya mji huu ina mfano mkubwa zaidi. Mwaka 1955 TANU ilikuwa na mwaka mmoja tu na ilihitaji wanawake. Aliyepewa kazi hiyo ni Bibi Titi Mohamed, mtoto wa Dar es Salaam, mwimbaji wa ngoma. Hakuanza kugonga nyumba moja moja. Alikwenda kwa viongozi wa vikundi vya ngoma vya akina mama, watu ambao tayari waliaminiwa, waliochangiana harusini na kuzikana. Ukimpata kiongozi wa ngoma, umepata kikundi kizima. Ndani ya muda mfupi wanawake walikuwa wameingia chamani kwa maelfu, katika mji ambao wasomi wengi wa kiume bado waliogopa kuonekana na kadi kwa sababu ya ajira zao serikalini. Kila nikiisoma habari hii naona wanaouza masomo ya ubabe wanawadhulumu vijana wetu.

Na kuhusu kutanua mabega. Mwaka 2010 ulitoka utafiti wa watu 42 ukadai kwamba kusimama kibabe kwa dakika mbili tu kunabadilisha hata homoni mwilini. Dunia nzima ikaushabikia. Mwaka 2015 watafiti wengine waliurudia kwa watu 200, na mabadiliko ya homoni hawakuyaona. Mwaka 2016 Dana Carney, mmoja wa walioandika ule wa kwanza, akatangaza hadharani kwamba haamini tena kama matokeo yale ni ya kweli. Ndiyo biashara wanayouziwa madogo zetu mpaka leo.

Karibuni tujadili.

Mpambanaji Tandale:

Mkuu umeandika vizuri, ila umeizunguka pesa. Hapa Dar mwenye hela ndiye mwenye watu. Toa hela uone kama hupati chawa wa kukusifia asubuhi mpaka usiku. Huyo mama ntilie wako akija tajiri akafungua mgahawa wa bei chee pale kichochoroni, kwisha habari yake.

Mtu wa Msimbazi:

Pesa ni nguvu, sibishi. Ni chanzo cha kwanza kwenye orodha ya French na Raven. Tatizo lake ni kwamba inapatikana kwa watu wengi, kwa hiyo lile swali la pili la Emerson linaiua haraka. Chawa anayekusifia kwa elfu hamsini ataondoka kwa elfu sitini. Tena nguvu ya tuzo inahitaji ulinzi muda wote: ukigeuza kisogo kazi inasimama, kwa sababu kijana alikuwa anaifuata hela, na wewe hukuwahi kumgusa.

Tajiri akifungua mgahawa wa bei chee, wateja wa chakula atawachukua. Kumjua kijana gani anaaminika na mzigo wa milioni arobaini usiku wa manane, hilo litamchukua miaka.

Kwa upande wa cheo, nikupe tukio la nchi yetu. Mwalimu Nyerere alijiuzulu uwaziri mkuu Januari 1962, wiki chache tu baada ya uhuru. Akamwachia Rashidi Kawawa kiti, akaenda mikoani kukijenga chama. Kabla mwaka haujaisha alikuwa Rais. Angekuwa na nguvu ya kiti peke yake, kuondoka kule kungemmaliza.

Dalali wa Zamani:

Naomba nichangie kama mtu niliyekula hela ya udalali wa vyumba Sinza mpaka Kijitonyama kwa muda mrefu, sasa nimeacha. Nitawapa ya ndani kabisa ili mjilinde.

Mteja akija, chumba kizuri hukioni kwanza. Nakupeleka kwenye kibovu, choo cha nje watu kumi na mbili, ukuta una unyevu, bei iko juu. Ukitoka pale umekata tamaa. Kile cha pili ni cha kawaida tu, lakini kwa macho yako siku hiyo ni hoteli. Njiani nimekununulia soda na nauli ya bajaji nimelipa mimi. Hapo hapo simu yangu inaita, na anayepiga ni mwenzangu. Naongea kwa sauti: "Huyo wa saa kumi mwambie asubiri kidogo, kuna dada hapa yuko siriasi." Kodi ya miezi sita unaitoa siku ile ile, na juu yake mwezi mmoja wa dalali.

Hakuna aliyenifundisha shuleni. Tulirithishana kijiweni.

Mtu wa Msimbazi:

Mkuu, ahsante sana kwa uwazi huu. Mambo yako karibu yote yamepimwa maabara.

Ile soda. Mwaka 1971 Dennis Regan alifanya jaribio Marekani: mtu anatoka kidogo, anarudi na chupa mbili za Coca-Cola, moja anampa mwenzake bila kuombwa. Baadaye anamwomba anunue tiketi za bahati nasibu. Waliopewa soda walinunua tiketi kama mara mbili ya wasiopewa. Linalonitisha zaidi ni hili: kwa waliopewa soda, kumpenda au kutompenda yule mtu hakukuleta tofauti kubwa. Deni lilitosha. Ndiyo maana dalali hata usipompenda unaona aibu kuondoka mikono mitupu.

Na kule kuanza na kibaya nako kuna ndugu yake. Mwaka 1975 Robert Cialdini na wenzake waliwaomba wanafunzi wawasindikize vijana watukutu bustani ya wanyama kwa saa mbili. Waliokubali ni kama 17 kwa mia. Kundi lingine wakaliomba kwanza jambo zito kabisa, kujitolea saa mbili kila wiki kwa miaka miwili. Wote walipokataa, wakashushiwa ombi la bustani. Nusu wakakubali. Ukishamkatalia mtu kubwa, unajiona una deni la huruma kwake.

Kinga yake ni kupanga kabla hujatoka nyumbani: bei yako ya mwisho, na siku utakayotoa jibu, ambayo isiwe leo. Soda kunywa, mshukuru, halafu uende ukalale.

Binti wa Tegeta:

Habari zenu kaka zangu. Nimesoma mpaka mikono inatetemeka. Nipo kwenye kampuni moja, sitaitaja. Bosi wangu alianza kwa kuniomba nibaki nusu saa baada ya kazi. Nikaona ni kawaida. Ikaja Jumamosi. Ikaja kumshikia simu yake ya pili na kusema hayupo. Mwezi uliopita kaniambia nisaini kupokea mzigo wa stoo kwa sababu mtunza stoo anaumwa, na ulikuwepo kweli. Wiki hii anataka nisaini mzigo ambao sijauona. Nilipositasita akasema, "Wewe si mtu wangu? Mbona ule wa mwanzo ulisaini?" Sikuwa na jibu. Wenzangu wawili ofisini wanajua na wapo kimya.

Mtu wa Msimbazi:

Dada yangu, pole sana. Usisaini. Hilo naliweka mbele kabla ya maelezo yoyote, maana karatasi ikikaguliwa kesho, jina litakaloonekana ni lako, la bosi halipo pale.

Sasa uelewe umefikishwaje hapo, ujue kwamba hukuwa mjinga. Mwaka 1966 kule California, Jonathan Freedman na Scott Fraser waliwaomba wenye nyumba wasimike bango kubwa na baya kwenye bustani zao, limeandikwa uendeshe kwa uangalifu. Walioombwa moja kwa moja waliokubali ni 17 kwa mia. Wengine walitanguliziwa ombi dogo wiki mbili nyuma, kibandiko kidogo tu cha ujumbe wa usalama barabarani. Kati ya hao, 76 kwa mia walikubali bango. Kile kibandiko kilikuwa kimewafanya wajione ni watu wa aina fulani, na mtu anataka kufanana na alivyokwisha kujiona. Bosi wako anapokwambia "wewe si mtu wangu?" anakukumbusha kibandiko.

Kuna jaribio jingine zito zaidi. Stanley Milgram, Chuo Kikuu cha Yale, 1961. Mtu anaambiwa amsaidie mtafiti kwa kumpiga shoti ya umeme mwanafunzi kila akikosea jibu. Umeme haukuwepo na mwanafunzi alikuwa anaigiza, lakini aliyeshika swichi hakujua. Swichi zilikuwa 30, ya kwanza volti 15, kila moja inaongeza 15 tu, mpaka 450. Kati ya wanaume 40, 26 walifika mwisho, huku wanatokwa jasho na kumsihi mtafiti wasimamishe. Angalia hapo kwenye 15. Hakuna aliyeambiwa mwanzoni "piga 450". Kama umepiga 150, utasemaje kwamba 165 ni dhambi? Ule mzigo uliouona ni 150 yako, na huu usiouona ni 165.

Jibu la "mbona ule ulisaini" lipo, dada. Sema: "Ule niliuhesabu. Huu nikiuhesabu nitausaini." Basi, usiongeze neno. Ukianza kujieleza sana unampa mahali pa kushika. Akisisitiza, mwombe akuandikie agizo hilo kwa meseji au barua pepe. Wanaoagiza ya haki huandika.

Na hao wenzako wawili usiwadharau kwa ukimya wao. Milgram alirudia jaribio akiweka wasaidizi wawili wengine pembeni, ambao njiani walikataa kuendelea. Walioenda mpaka mwisho walibaki 4 kati ya 40. Kabla yake Solomon Asch alikuwa ameonyesha kitu hicho hicho kwa mistari iliyochorwa kwenye kadi: chumba kizima kikitaja jibu la uongo, watu wengi angalau mara moja watalikubali huku macho yao yanaona tofauti. Lakini akitokea mmoja tu wa kusema ukweli, kule kufuata mkumbo kunaporomoka. Mtafute mmoja wao leo, nje ya ofisi, mwambie yaliyokupata. Inawezekana kabisa naye kaombwa kusaini.

Binti wa Tegeta:

Ahsante kaka. Nimempigia mmoja. Amesaini mara mbili tayari na alikuwa analia. Kesho tunaingia pamoja.

Mama Ilala:

Mwanangu wa Tegeta, Mungu akutangulie. Wekeni nakala ya kila karatasi, na tarehe muandike.

Nami niseme la kwetu kwenye vikoba. Tulikuwa na mweka hazina mzuri sana wa maneno. Alikuwa wa kwanza kufika msibani, wa kwanza kuchangia, mtoto wa mtu akiugua yupo. Kila akisoma hesabu tunapiga makofi. Siku mama mmoja alipoomba kuona daftari, sisi wenyewe ndio tuliomzomea, tukamwambia ana wivu. Miezi ikapita, hela haikuwepo. Ninachotaka kumuuliza mleta mada ni hiki: yule mtu alijenga ushawishi kwa njia hiyo hiyo unayoisifu, ya kutegemewa. Tofauti yake na mama ntilie wako iko wapi?

Mtu wa Msimbazi:

Mama, shikamoo. Swali lako ndilo gumu kuliko yote humu, na sitalikwepa.

Njia ya kupata ni ile ile. Anayehudumia watu anapata watu, awe mwema au mwizi. Tofauti iko kwenye lile swali la pili la Emerson: je, mnaweza kukipata kwingine? Mama wa Kariakoo, kijana akipata mdhamini mwingine anampongeza, wengi wameshatoka kwenye daftari lake wakafungua vibanda vyao. Mweka hazina wenu alihakikisha daftari anaona yeye tu. Msiba alitumia kujenga deni la shukrani, na deni hilo likafanya kazi siku yule mama alipoomba kukagua. Mtu anayekufaa kwa dhati haudhiki ukimkagua. Anayefunga njia nyingine zote huku anatabasamu, huyo muogopeni hata kama hajachukua shilingi.

Kaka Boda Mwenge:

Wakuu, nimechaguliwa mwenyekiti wa kijiwe juzi, bodaboda zaidi ya thelathini. Yule aliyetangulia alikuwa mshikaji mzuri, akapata uenyekiti akawa hashikiki, hata salamu kupokea ni shida. Naogopa na mimi. Nifanyeje?

Mtu wa Msimbazi:

Hongera kaka. Unachokiogopa kipo. Wahenga wa mjini wanasema ukitaka kumjua mtu mpe cheo. Dacher Keltner wa Berkeley amelitafiti jambo hili miaka mingi, na anaeleza kwamba watu hupata nguvu kwa kuwajali wenzao, halafu nguvu hiyo hiyo inawapunguzia uwezo wa kuwaona wenzao. Adam Galinsky na wenzake mwaka 2006 waliwaambia watu wachore herufi E kwenye paji la uso. Unaweza kuichora isomeke kwako mwenyewe, kwa anayekutazama ikawa imegeuka. Waliokuwa wametangulia kukumbushwa siku walipokuwa na mamlaka juu ya mtu waliichora hivyo karibu mara tatu zaidi ya waliokumbushwa siku walipokuwa chini ya mtu. Hao hawakuwa wamepewa cheo. Walikumbushwa tu. Wewe utakuwa nacho kila siku.

Kwa hiyo usitegemee moyo wako mzuri, weka utaratibu sasa hivi wakati bado unaogopa. Daftari la michango lisikae kwako. Likae kwa mtu mwingine, na kila mwisho wa mwezi lisomwe na mtu wa tatu, mbele ya wote. Kwenye kikao ongea wa mwisho. Mwenyekiti akitoa wazo mwanzoni, waliobaki watatafuta namna ya kukubaliana nalo, na hutajua walichokuwa wanafikiri. Foleni ya abiria nawe panga, chukua zamu yako kama kawaida, usiruke hata mvua ikinyesha. Namba za viongozi wa vijiwe jirani, za serikali ya mtaa na za mtu wa bima wape angalau wawili wengine, ili ukiumwa mambo yasisimame.

Na kuna mmoja hapo kijiweni alikupinga kwenye uchaguzi, unamjua. Mwingize kwenye kamati. Mpe kazi ya kukagua daftari.